Nguo Zisizomwingia Mzazi

 

Tumefikiwa na swali la mama mmoja ambalo twaliona lahusu nyumba nyingi. Amejifungua mtoto wake wa pili miezi saba iliyopita, na angali ananyonyesha. Kabati lake limejaa nguo zisizomwingia. Si madera, kwani dera halimkatai mtu, bali ni magauni ya kushonesha kwa fundi, mabuibui mawili, na ile nguo aliyoivaa siku ya kupambwa kwake. Mumewe amwambia azitoe zote zikauzwe, ili vitu vya mtoto vipate nafasi. Mavyaa wake amwambia aziweke, maadam akijizuia na chakula atarudi kama alivyokuwa. Naye auliza: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya nguo hizi, na je, akiziweka atakuwa amefanya israfu?

Tuanze na hiyo kauli, kwani ndipo penye uzito. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, nguo ambayo mume humpa mkewe kwa ajili ya kumvisha si azima. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, ameitanguliza kauli ya kwamba nguo hiyo ni milki ya mke: mume akishamkabidhi, imekuwa yake. Basi mume akilitoa gauni la mkewe kabatini akalipeleka sokoni bila ridhaa yake, ameuza mali ya mtu mwingine, ijapokuwa yeye ndiye aliyelipa kitambaa na ujira wa fundi. Ama zile alizojinunulia kwa fedha zake, au alizoletewa na nduguze, au zilizokuja pamoja na mahari yake, hizo hata mjadala hazina. Mume ana haki ya kutoa shauri, na mke mwema hulisikiliza. Na ikiwa shida ni kabati, dawa ya kabati yajulikana kwa seremala.

Kuna jambo la pili ambalo aghalabu halitajwi mimbarini. Katika aya ya 233 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ametaja mama wanaonyonyesha watoto wao miaka miwili kamili, na katika aya hiyo hiyo akaweka juu ya baba chakula cha mama hao na nguo zao, kwa kadiri ya wema na ada. Wafasiri wamehitalifiana: wako waliosema ni mama waliopewa talaka, na wako waliosema ni kila mama. Kauli yoyote utakayoishika, fikiri wewe mwenyewe: ikiwa aliyeachwa hakusahauliwa nguo, itakuwaje kwa aliye ndani ya nyumba, na mtoto yu kifuani?

Nawawi amesema kwamba nguo iliyo wajibu ni ile imtoshayo mke. Walioisherehesha Minhaj wakauliza, kumtosha kwa kipimo gani? Wakajibu kuwa hilo hubadilika kwa urefu wake na ufupi wake, kwa wembamba wake na unene wake, na kwa joto la mji na baridi yake. Tusimame hapa kidogo. Wanazuoni hawa, waliokaa na kalamu zao miaka mamia iliyopita, waliuandika unene wa mwanamke katika mlango wa haki zake. Hawakuuandika katika mlango wa aibu. Nguo yenyewe wameiweka kuwa hutolewa mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa baridi na mwanzo wa joto. Sisi wa pwani twaweza kusema kusi ikiingia na kaskazi ikiingia. Na kila majira yakiingia, kipimo ni mwili alio nao mke siku hiyo. Mwili aliokuwa nao siku ya harusi si kipimo tena.

Kwa hivyo mzazi akimwambia mumewe kuwa hana nguo ilhali kabati limejaa, hajasema uongo. Nguo isiyomwingia haikumvisha. Aina ya nguo na bei yake hufuata uwezo wa mume, na mwenye dhiki hakalifishwi asichokuwa nacho. Madera mawili mapana, yenye kufunguka mbele kwa ajili ya kunyonyesha, yatamwezesha mama kukaa kwa staha miezi mingi. Asilolipata kwa mumewe ni kejeli. Twasikia waume wakiwatania wake zao mbele ya watu, kwamba nilioa mmoja sasa ninao wawili. Mwili huo umebeba ukoo wako, ewe ndugu.

Mama zetu wa zamani tatizo hili hawakulijua sana, na si kwa sababu miili yao ilikuwa mingine. Vazi lao lilikuwa leso. Leso huuzwa doti, vipande viwili, haina kipimo wala kifungo. Aliyekonda atajifunga na aliyenenepa atajifunga. Mzazi alifungwa mkaja tumboni, akakaa arobaini yake akikandwa na kupikiwa, na leso zilizochakaa zikakatwa winda za mtoto. Nguo ilimfuata mtu. Ilipokuja nguo ya kushonwa kwa kipimo, ndipo mtu alipoanza kutakiwa aifuate nguo.

Kwa heshima zote kwa mavyaa, shauri lake la kujizuia na chakula hatuliafiki. Arobaini huisha kwa hesabu ya siku, lakini mwili hauna hesabu hiyo. Mimba huchukua miezi tisa. Nyonga hupanuka, kifua cha anayenyonyesha hujaa, na wako ambao hata nyayo zao hurefuka, viatu vya zamani visiwaingie tena. Mwengine hurudi upesi, mwengine kwa miaka, mwengine harudi, na hakuna katika hao aliye na kosa. Sheria imemruhusu mama anayenyonyesha kula mchana wa Ramadhani, nayo ni nguzo ya dini, akichelea madhara juu yake au juu ya mtoto. Ikiwa saumu ya faradhi imelegezwa kwa ajili ya maziwa ya mtoto, itakuwaje mama ajifungishe njaa kwa ajili ya gauni? Aletewe uji, samaki, maharagwe na mboga, na dawa za kupunguza mwili ziuzwazo mitaani zisimkaribie bila ya kauli ya daktari.

Hapo ndipo tunapolipata jibu la wakati. Tungemshauri mama huyu asikate neno juu ya nguo zake zote sasa. Ambazo anazipenda na huenda zikamfaa, azitie sandukuni mpaka amwachishe mtoto ziwa, kisha azijaribu. Kuziweka kwa tumaini la kuzivaa, au kumwekea binti, si israfu, wala nguo za kuvaa hazitolewi zaka. Uharibifu huingia pale zinaposahauliwa. Hewa yetu ya bahari ina unyevu. Nguo iliyofungiwa mwaka mzima hupanda ukungu na kuliwa na wadudu, na isimfae mwenyewe wala maskini. Zioshwe, zikauke sawasawa, zianikwe mara kwa mara na zifukizwe udi. Kabla ya hayo azipeleke kwa fundi azitazame mshono. Fundi mzuri huacha kitambaa ndani pembeni, na gauni lililobana huweza kuachiliwa vidole viwili au vitatu likawa kama limeshonwa jana. Mabuibui yale mawili yakiwa yambana hata umbo laonekana, basi si ya kutokea mpaka yapanuliwe. Buibui lisilositiri limepoteza kazi yake.

Akiamua kuuza, thamani ni yake. Kongowea na kwengineko nguo zilizovaliwa zina soko siku zote, na hakuna haya katika kuuza. Ila amwonyeshe mnunuzi palipotatuka na penye doa, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni haramu kwa anayeuza gauni moja kama ilivyo kwa mwenye duka.

Akiamua kutoa sadaka, atazame anachokitoa. Qurani katika sura hiyo hiyo ya Baqara imetukataza kukikusudia kile kibaya tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Wengi wetu hufanya hayo kila mwaka karibu na Idi: nguo iliyopauka, zipu imekufa, harufu ya sanduku haijatoka, twaifunga furushi kisha twangoja kuombewa dua. Iliyochakaa ikatwe matambara ya kupangusia. Ya kutolewa ifuliwe, itiwe vifungo, ipigwe pasi, ipewe mtu kwa siri. Na wifi akishapewa gauni asikumbushwe siku atakayolivaa kuwa lilikuwa la nani.

Imebaki ile nguo ya siku ya kupambwa. Hiyo tusingependa kuiona sokoni, japokuwa kuiuza ni halali. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa amevaa nguo ya thamani ya dirhamu tano, akasema kuwa mtumishi wake ajiona mkubwa asiivae hata ndani ya nyumba. Kisha akaeleza kwamba zama za Mtume (S.A.W.) alikuwa na moja kama hiyo, na hapakuwa na mwanamke wa Madina aliyepambwa kwa harusi ila alituma kwake kuiazima. Na kutoka kwa Ummu Atiyya (R.A.) twapata kuwa Mtume aliwaamrisha wanawake watoke kwenda uwanja wa Idi, na alipoulizwa juu ya asiyekuwa na jilbabu, akaagiza ndugu yake amvishe. Nguo moja iliwatembelea wanawake wengi, wala hakuna aliyeona unyonge.

Ndivyo tunavyomshauri mama yetu: aiweke, na wajulikane jirani na jamaa kuwa ipo kwa bi arusi asiyejiweza. Aiazime kwa masharti yaliyo wazi, siku ya kuichukua na siku ya kuirudisha. Kwa hukumu ya madhehebu yetu, ikichakaa kwa kuvaliwa kama alivyoruhusu, mwazimaji hadaiwi kitu. Akiirudisha imeungua pasi, atalipa.

Wallahu aalam.