Nani Kasema Taarab ni ya Mashangazi?

Jamani, tuambiane ukweli. Juzi kijiweni niliwapigia washkaji Siti binti Saad kwenye simu. Wakaangua kicheko: zima hizo, za mashangazi! Mashangazi? Huyo mama alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Katika "Kijiti" aliimba kesi ya mwanamke aliyeuawa Unguja: muuaji katoroka, mashahidi ndio wakafungwa. Sasa hiyo na rap mnayoihusudu vinatofautiana nini, zaidi ya udi na fidla?

Rap zenu mimi nazisikiliza, tena usiku kucha. Kumbe kupeana muziki kwenu ni mimi nipokee tu! Halafu mnaniletea hadithi zenu nizisome, na humo bibi wa miaka sabini anaongea kama konda wa daladala.