Shukrani kwa askari huanza anapovua magwanda

BUGARAMA, Rusizi – Mfanyabiashara wa Bugarama anaishi katikati ya kalenda tatu za mashujaa. Nyumbani Rwanda, Februari 1 ni Siku ya Mashujaa na Julai 4 ni Siku ya Ukombozi. Akivuka Ruzizi kwenda Kamanyola, Mei 17 ndiyo siku ambayo Kongo huadhimisha majeshi yake. Akipita Ruhwa kuingia Burundi, Oktoba 13 watu humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mwaka 1961. Nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zina zao: Uganda ina Tarehe Sita, yaani Februari 6, Tanzania ina Julai 25 na Kenya ina Oktoba 14.

Hakuna ubaya katika siku hizo. Waliotumikia jeshi wanastahili kutajwa hadharani. Rwanda ilifanya jambo la busara kumweka Askari Asiyejulikana katika Imanzi, daraja la juu la mashujaa wake, sambamba na Fred Gisa Rwigema. Burundi ilianza kupeleka wanajeshi Somalia Desemba 2007. Tanzania ilizika vijana wake waliouawa Desemba 7, 2017 huko Semuliki, katika eneo la Beni, wakiwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Beni ni njia ya biashara, na malori yanayopita upande ule yana deni kwa watu kama hao.

Swali gumu huja siku ya pili, gwaride likishamalizika na viti vikisharudishwa. Askari akivua magwanda, nani anamlipa hiyo shukrani iliyotamkwa jukwaani, na kwa njia gani? Historia ya bonde hili inaonyesha kwamba mara nyingi shukrani ilikwenda juu na haikushuka. Inaonyesha pia kwamba palipokuwa na jibu la kweli, jibu hilo lilihitaji mahali pa kufanyia kazi. Kwa watu wa mpakani, mahali hapo ni sokoni.

Majina yalipanda, wapagazi wakabaki

Bugarama ni bonde la joto, la mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo zinakaribiana kiasi cha mtu kuvuka kwa miguu. Bonde hili lilijua majeshi kabla halijajua forodha. Aprili 1916, brigedi ya kusini ya jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ikiongozwa na Olsen, ilivuka Ruzizi na kuwaondoa Wajerumani Cyangugu. Mei 6 jeshi hilo lilikuwa limefika Kigali, na Septemba 19 likaiteka Tabora.

Kamanda mkuu wa vita hivyo upande wa Wabelgiji, Charles Tombeur, baadaye alipewa cheo cha baroni, na jina la Tabora likaunganishwa na jina la ukoo wake. Wapagazi waliobeba risasi, chakula na majeruhi kutoka ziwa Kivu hadi Unyamwezi hawakuongezewa chochote kwenye majina yao.

Upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo, kwa idadi kubwa zaidi. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 1 walichukuliwa kuwa wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki, na zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu badala ya risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Shukrani ya punda ni mateke, Waswahili husema, na hapa msemo huo ulitimia kwa watu waliofanyishwa kazi ya punda.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ya Dar es Salaam ikapewa jina hilo hilo, na kinywani mwa Waswahili likawa Kariakoo. Nairobi likawa Kariokor. Mwaka 1927 Dar es Salaam iliwekewa Sanamu ya Askari, mtu mwenye bunduki na singe. Sanamu za Nairobi zinamwonyesha mpagazi pia. Hata hivyo, ukumbusho wao mkubwa kuliko wote si wa shaba. Mfanyabiashara wa Rusizi au Bukavu anayeagiza mzigo Kariakoo anawataja wapagazi wale kila anapopiga simu, hata kama hakuna aliyewahi kumweleza jina hilo lilitoka wapi.

Kamanyola ina habari inayofanana. Juni 1964, jeshi la taifa la Kongo lilipambana hapo na waasi walioiteka Uvira mwezi mmoja kabla. Mobutu, wakati huo mkuu wa jeshi, alikuwepo. Alipokuwa rais, aliugeuza ushindi ule kuwa sifa yake. Kikosi teule cha jeshi kiliitwa Divisheni ya Kamanyola, meli yake ya kifahari ikaitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa nao ukapewa jina hilo, kabla ya kuitwa Uwanja wa Mashahidi mwaka 1997. Jina la mji mdogo wa mpakani lilisafiri hadi mji mkuu. Wenye mji, na askari wa kawaida waliopigana pale, walibaki walipokuwa.

Posho yenye jina la shukrani

Katika miaka ya karibuni nchi za Maziwa Makuu zimejaribu kufanya vizuri zaidi. Rwanda iliunda tume ya kuwaondoa wapiganaji jeshini na kuwarejesha uraiani mwaka 1997. Wanaorudi kutoka makundi yenye silaha nchini Kongo hupitia kambi ya Mutobo, wilayani Musanze, kabla ya kwenda makwao. Sheria ya mwaka 2007 inawalinda waliopata ulemavu vitani. Na miongoni mwa malipo yaliyowekwa kwa wanaotoka jeshini, kuna posho inayoitwa ya kutambua utumishi. Ni mara chache serikali kuipa shukrani jina lake na kuiwekea fungu la fedha.

Kati ya 2002 na 2009 Benki ya Dunia na wafadhili wengine walisimamia mpango mmoja wa kanda kwa nchi 7, zikiwemo Rwanda, Burundi, Kongo na Uganda. Burundi ilianza kuwapeleka uraiani wapiganaji wake Desemba 2004, baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na makubaliano yaliyofuata. Kongo imebadilisha mipango mara kadhaa. Wa sasa uliundwa mwaka 2021.

Mipango hii inafanana katika jambo moja. Fedha hutoka mapema, maisha huja baadaye. Mtu hupewa kitita cha kuanzia na pengine mafunzo ya ufundi, kisha hupanda basi kwenda kijijini. Kitita kikiisha kabla ya shughuli kusimama, hakuna gwaride litakalomrudishia mtaji.

Uganda ilitoa funzo mapema. Kati ya 1992 na 1995 iliwaondoa jeshini zaidi ya askari 36,000. Mchumi Paul Collier, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, aliona kwamba kurudi kwao vijijini hakukuongeza uhalifu kwa jumla. Waliokuwa na hatari kubwa ya kuingia katika uhalifu ni wale waliokosa ardhi. Kwa maneno mengine, askari wa zamani hakuwa tatizo kwa sababu alikuwa askari. Tatizo lilianza pale alipokosa pa kushika.

Katika bonde lenye watu wengi kama la Bugarama, si kila anayerudi atapata shamba la mpunga. Kinachoweza kushika nafasi ya shamba ni biashara. Hapo ndipo programu za serikali zinapoishia na wafanyabiashara wanapoanza kuhusika, wapende wasipende.

Neno lenye makali

Kuzungumzia shukrani kwa askari mpakani si jambo jepesi. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na Ruhwa ikanyamaza. Februari 2025 Kamanyola iliingia mikononi mwa AFC/M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inalisaidia kundi hilo. Kigali inakana, na inasema hatua zake ni za kujilinda dhidi ya FDLR. Askari wa Burundi nao wamekuwa wakipigana upande wa serikali ya Kongo.

Katika hali hiyo, shujaa wa upande mmoja ni hofu ya upande wa pili. Anayemshangilia askari wa kwao mbele ya mteja wa ng'ambo anaweza kupoteza mteja, na mteja mwenyewe huenda amepoteza ndugu. Ndiyo maana sherehe za kitaifa, hata zikiwa na haki yake, haziwezi kuwa lugha ya pamoja ya watu wa Ruzizi. Kila nchi itaendelea kuwashukuru watu wake kwa siku yake.

Ipo namna nyingine ya kushukuru isiyomuumiza jirani, nayo ni kuhakikisha aliyeweka silaha chini, awe wa upande wowote, anaweza kuishi bila kuichukua tena. Hii ina faida ya moja kwa moja kwa mwenye duka. Kundi lenye silaha likitafuta watu, humtafuta kwanza yule anayejua kupiga risasi na hana kazi. Kila mpiganaji wa zamani aliyepata pa kujishikiza ni mtu mmoja aliyepungua kwenye orodha ya wanaoweza kuwekwa vizuizi vya barabarani kesho.

Sokoni wanakuja na kitu

Wafanyabiashara wengi huwaona watu hawa kama wahitaji. Wana mengi ya kutoa. Kiswahili ni lugha ya kambi nyingi katika kanda hii, na waliorudi kutoka Kivu wanakijua Kiswahili cha Kongo kama wenyeji. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2017, lakini sokoni ilikuwa rasmi siku nyingi. Askari aliyefanya kazi stoo anajua kuhesabu mzigo na kuulinda. Dereva wa jeshi anajua barabara mbovu. Hizo ni kazi ambazo mwenye lori na mwenye ghala hulipa watu wazifanye.

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa wafanyabiashara wenyewe, bila kusubiri amri kutoka Kigali, Bujumbura, Kinshasa au Arusha.

La kwanza ni kuwaingiza katika ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa. Kitita cha kuanzia huisha haraka mikononi mwa mtu mmoja. Ndani ya kikundi kina watu wa kukilinda na zamu ya kukopa tena. Mwanachama mpya wa namna hii anahitaji pia kufundishwa utaratibu ambao wazoefu wanaujua kwa moyo. Kwa mfano, ndani ya Jumuiya, bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zinaweza kupita kwa cheti chepesi cha asili. Asiyejua hilo hupita njia za panya, na huko ndiko anakokutana tena na watu aliowakimbia.

La pili ni kuwapa kazi waliopata ulemavu. Wanaovuka kati ya Gisenyi na Goma wanawajua watu wenye ulemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakilipwa na wenye mali. Hakuna anayewapa sadaka. Wanabeba, wanalipwa. Mfano huo unaweza kuigwa kila mpaka unapokuwa wazi na barabara inapokuwa tambarare, na bonde la Ruzizi ni tambarare.

La tatu ni kumlipa mbebaji kile alichokubaliwa, siku ile ile, awe alikuwa askari au la. Hili linaonekana dogo. Ni deni lile lile ambalo wapagazi wa 1916 hawakulipwa, na wanaolidai leo wamesimama mlangoni mwa ghala.

Shukrani nayo ina mipaka. Haimpi mtu ruhusa ya kuruka foleni ya forodha kwa sababu aliwahi kuwa na cheo, wala haifuti makosa aliyowatendea raia. Mjane wa Kamanyola au wa Cibitoke ana haki ya kudai haki yake mahakamani, na askari wa zamani aliye safi hana sababu ya kuiogopa haki hiyo. Mpiganaji wa zamani akiingia sokoni, anaingia kwa kanuni za soko: mizani ile ile, ushuru ule ule, ahadi ile ile ya kulipa.

Serikali zina wajibu wake, na mkubwa kuliko wote ni kuacha mipaka wazi. Posho ya kutambua utumishi inayolipwa Rusizi hupungua thamani Ruhwa ikifungwa, kwa sababu biashara ambayo ingeanzishwa nayo haina pa kwenda. Mawaziri wa biashara wa Jumuiya wanapokutana kuzungumzia vikwazo visivyo vya kodi, kufungwa kwa mpaka kunapaswa kuhesabiwa pia kama kuwanyima mkate watu walioahidiwa maisha mapya walipokubali kuweka bunduki chini.

Katika miezi ijayo, kipimo kitakuwa rahisi kuonekana. Kama waliorudi kutoka porini watakuwa wanapanga magunia ya mchele kando ya barabara ya Kamanyola, watu wa Bugarama watajua kwamba shukrani imewafikia.