Thamani ya Mlima Hanang Nje ya Viingilio

Mlima Hanang, unaoinuka zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari juu ya mji wa Katesh, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na anayeupanda hulipa kiingilio. Lakini jumla ya viingilio ni mapato tu, wala haionyeshi thamani ya mlima, kwa kuwa mpandaji huenda angekubali kulipa zaidi ya alichotozwa. Tofauti hiyo wachumi huiita ziada ya mlaji. Mwaka 1947 Mmarekani Harold Hotelling alipendekeza ipimwe kwa gharama za safari, yaani wageni wagawanywe kwa kanda kulingana na umbali wa makwao, kisha idadi ya ziara kutoka kila kanda ilinganishwe na gharama ya kufika.

Hanang huitia njia hiyo majaribuni. Mgeni wa Ulaya aliyepitia Serengeti na Ngorongoro hawezi kuandikiwa nauli yote ya ndege kwenye hesabu ya Hanang, na mgao wowote utakaochaguliwa utakuwa uamuzi wa mchambuzi. Zaidi ya hayo, njia hii huhesabu ziara, ilhali mfugaji wa Kibarabaig anayetegemea maji na malisho ya mlima si mtalii.

Njia nyingine ni kuwauliza watu moja kwa moja, na hapo namna ya kuuliza huamua jibu. Jopo la Marekani lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow mwaka 1993 lilipendelea mtu aulizwe angelipa kiasi gani, si angedai fidia gani, ili makadirio yasivimbe. Tahadhari hiyo ina mantiki, ila humfanya mwenye haki ainunue haki yake mwenyewe, tena kwa kadiri ya mfuko wake. Wabarabaig, ambao tambarare zao za Basotu zilichukuliwa kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyofadhiliwa na Kanada, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta, wanastahili swali la fidia.

Mfano wa mwenye haki kulipwa badala ya kulipa uko jirani, wilayani Mbulu. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011, na leo jamii za huko hulipwa kupitia biashara ya hewa ukaa. Malipo hayo hutokana na mwenye ardhi kukubali kuacha miti isimame, na hayategemei hata mtalii mmoja kufika bondeni.