Ulikulia na malaria, lakini haikujui tena

Kila Agosti na kila Januari familia zetu zinarudi Minneapolis na Saint Paul kutoka Kisumu, Tabora, Uvira na Mtwara, masanduku yamejaa dagaa na majani ya chai. Wiki mbili baadaye mtoto anatetemeka kitandani, nasi tunasema ni baridi ya Minnesota. Baridi gani inamtoa mtoto jasho mpaka shuka linalowa?

Marekani huhesabu wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka. Karibu wote wameipata ng'ambo, na wengi wao walikwenda Afrika kuwaona ndugu. Wengi hawakumeza vidonge vya kinga. Tunajigamba: "Mimi nimekulia nayo." Ndiyo, ulikulia nayo. Lakini kinga ile ya mwili hujengwa na kuambukizwa mara kwa mara, na miaka ya kuishi huku huipunguza mpaka usiweze kuitegemea. Mwanao aliyezaliwa Brooklyn Park hakuwahi kuwa nayo hata siku moja! Unampeleka Tabora, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa zaidi ya mmoja kati ya kila watoto watano wa chini ya miaka mitano, halafu unamlaza bila chandarua kwa kuwa bibi amesema mbu wa msimu huu ni wachache.

Kisha kuna dawa ya mseto ya malaria ya kwenye sanduku. Homa ikipanda, mtu anafungua pakiti aliyopewa na dada yake Mbagala, anameza nusu dozi, anapata nafuu, anakwenda zamu ya usiku. Mseto ni dawa nzuri, hata Marekani iliuidhinisha mwaka 2009. Ila bila kupima damu hujui unatibu nini, na nusu dozi huacha vimelea hai. Malaria kali humfikisha mtu kwenye degedege na kupoteza fahamu katika muda wa siku moja tu.

Lawama si yetu peke yetu. Kliniki inayompima Mkongo mwenye homa mafua na korona, ikamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu bila kumuuliza ametoka wapi, imefanya uzembe. Na bima inayokataa kulipia vidonge vya kinga vya familia ya watu watano, kisha ikalipia kitanda cha wagonjwa mahututi, inacheza na roho za watu. Hilo linanichoma kuliko yote.

Basi msingoje kuulizwa. Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, nendeni siku hiyo hiyo, na neno la kwanza mapokezi liwe: nimetoka Afrika, nataka kipimo cha malaria. Wakisita, msiondoke. Majibu ya kipimo cha haraka hutoka chini ya nusu saa. Yakionyesha hakuna kitu na homa ikaendelea, rudini kesho yake mkapimwe tena. Mgonjwa akiwa na malaria kali, sindano ya artesuneti imeidhinishwa Marekani tangu 2020, na hospitali isiyo nayo inaweza kuiagiza.