Dari la Gari Linapolegea

Joto na unyevu wa pwani yetu hulegeza kitambaa cha dari la gari hadi kikamgusa dereva kichwani. Wengi hukimbilia gundi. Haidumu, kwani sifongo nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa imekwisha kuwa unga. Fundi wa viti huliteremsha bao la dari, akalikwangua, kisha akabandika kitambaa kipya chenye sifongo yake. Hakuna haja ya kununua dari zima, ambalo ndilo ghali.

Lakini kabla ya fundi, itazame hati ya mauziano. Gari lililotumika Japani aghalabu hutufikia bila dhamana ya kiwanda. Iliyobaki ni ahadi ya muuzaji, na ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Sharia nayo yampa mnunuzi khiyarul-ayb, yaani hiari ya kurudisha kitu kwa kasoro ipunguzayo thamani, iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuijua. (Uliyoiona ukaridhia, haimo.) Ila ukinyamaza ukaendelea kulitumia gari, au ukalikwangua dari, hoja yako yadhoofika. Piga picha, mwarifu muuzaji kwa maandishi siku hiyo hiyo, ungoje jawabu, ndipo umwite fundi.