Picha za studio Gitega na Muyinga: urembo unakoma wapi, utambulisho unaanza wapi?

Katika miji ya Gitega na Muyinga, mpiga picha wa studio ana kazi mbili zinazofanana kwa macho lakini zenye masharti tofauti. Maharusi humwendea kwa picha ya kutundikwa sebuleni. Msafiri humwendea kwa picha ndogo ya kubandikwa kwenye hati. Kamera ni ileile, na programu ya kuhariri picha ni ileile. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kurekebisha sura si jambo geni. Kabla ya kompyuta, mafundi walipitisha penseli juu ya filamu ili kufuta makunyanzi. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefungua studio katika miaka ya 1960, alipata sifa kwa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja. Programu ya Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990, kazi hiyo ilianza kurahisika. Leo simu nyingi hulainisha ngozi hata kabla mwenye uso hajaomba.

Katika picha ya harusi, marekebisho hayana ubaya iwapo mteja ameridhia. Hata hivyo, kufuta chunusi itakayopona kesho si sawa na kufuta kovu la maisha. Aidha, kumng'arisha mtu mweusi hadi aonekane maji ya kunde ni kumwambia kwamba rangi yake ni kasoro. Mara nyingi kasoro ni mwanga hafifu, na dawa yake ni taa iliyowekwa vyema.

Kwa hati za safari, kipimo ni kikali zaidi. Waraka namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unataka picha inayomwonyesha mhusika jinsi alivyo. Hijabu inaweza kukubaliwa kwa sababu za dini, mradi uso uonekane tangu kidevuni hadi kwenye paji.

Kwa wakazi wa Muyinga, suala hili liko karibu na riziki. Mpaka wa Kobero, unaotazamana na Kabanga upande wa Tanzania, ni njia kuu ya biashara. Afisa anayelinganisha uso wenye kovu na picha isiyo nalo ana haki ya kuuliza maswali, na mwenye hati halali anaweza kushukiwa kuwa ameazima ya mwingine.

Wenye studio nao wana la kupoteza. Ujerumani, kwa kuhofia picha zinazochanganya nyuso za watu wawili, iliacha kupokea picha za karatasi kwa pasipoti na vitambulisho tangu tarehe 1 Mei 2025. Sasa picha hupigwa ofisini, au hutumwa kwa njia salama na studio zilizosajiliwa. Serikali yoyote inayopoteza imani na picha za studio inaweza kufuata njia hiyo, na studio ndogo zikakosa kipato cha kila siku.

Kinga haihitaji gharama kubwa. Picha ya hati itoke kama ilivyopigwa, pasipo kulainishwa wala kung'arishwa. Picha ya kumbukumbu ihaririwe baada ya mteja kueleza anachotaka kibadilishwe na anachotaka kibaki. Naye mteja, kabla ya kulipa, aitazame picha ya hati na kujiuliza kama mtu asiyemjua angemtambua kwayo.