Patrick Pearse: Mwalimu Tuliyemwachia Wanahistoria wa Vita

Jina la Patrick Pearse likitajwa, wengi hukumbuka bunduki. Hukumbuka Jumatatu ya tarehe 24 Aprili 1916, aliposimama mbele ya Posta Kuu ya Dublin akasoma Tangazo la Jamhuri ya Ireland. Na alfajiri ya tarehe 3 Mei, alipopigwa risasi gerezani Kilmainham akiwa na umri wa miaka 36. Naona sisi wapenzi wa lugha tumewaachia mno wanahistoria wa vita mtu ambaye kwanza ni wetu.

Pearse hakukinyonya Kiairishi kwa mama. Baba yake, fundi wa kuchonga mawe, alikuwa Mwingereza, na nyumbani kilisemwa Kiingereza. Lugha alijifunza, akaipenda, na kuanzia 1903 hadi 1909 akahariri gazeti la jumuiya iliyojitwika kuifufua. Wapo, hata kwetu, wanaompima mshairi kwa lafudhi kabla ya kumpima kwa mizani. Hao wamtazame Pearse. Alijenga nyumba ndogo Ros Muc, magharibi mwa nchi, akawasikiliza wanavijiji, kisha akatunga hadithi na mashairi kwa lugha yao iliyo hai, si kwa ile iliyolala katika miswada ya kale.

Mwaka 1905 alikwenda Ubelgiji kuchunguza jinsi watoto wanavyofundishwa kwa lugha mbili. Miaka mitatu baadaye akafungua shule yake, ya Kiairishi na Kiingereza, yenye bustani na michezo ya kuigiza. Mfumo wa elimu wa Waingereza nchini mwake aliuita mashine ya mauaji. Neno kali, lakini aliyewahi kumwona mwanafunzi mwerevu akibaki bubu darasani kwa kukosa Kiingereza hataliona limezidi.

Sikubaliani naye katika yote. Mwaka 1915 aliisifu damu iliyokuwa ikimwagika katika medani za Ulaya kana kwamba ni mvua ya baraka. Mwalimu hasemi hivyo mbele ya vijana.

Wengine humlaumu kwamba Tangazo lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa jina la Jamhuri lililowekwa juu kwa Kiairishi. Lawama hiyo siikubali. Angewasomea nini wapita njia wa Dublin? Kuna hasara hapo, ila si yeye aliyeisababisha.

Katiba ya 1937 ilikifanya Kiairishi lugha rasmi ya kwanza. Hata hivyo, sensa ya 2022 ilikuta takriban watu 72,000 tu wanaokisema kila siku nje ya masomo. Kazi yote iliachiwa darasa, jambo ambalo darasa haliwezi.

Asubuhi ile ya Mei aliuawa pia Thomas MacDonagh, mshairi, aliyefundisha katika shule hiyohiyo. Shule ikajikokota hadi 1935, ikafungwa, nchi ikiwa imekwisha kujitawala.